Mdogo Aseme Kwanza

Nchi yetu ya Mbeleni haina matatizo. Naanza na sentensi hiyo kwa sababu sheria inataka kila habari ianze hivyo, na mimi sina ugomvi na sheria. Mwingine akitaka kuanza na njaa, au na ukame, hiyo ni juu yake na hakimu wake.

Naitwa Kondo Mwinchande, Mjumbe wa Nyumba Tisa, mtaa wa Machinjioni. Zamani nyumba zilikuwa kumi. Moja ilianguka wakati wa masika, nami katika taarifa yangu nikaandika kwamba imepumzika. Wakubwa walifurahi sana, nikapewa kofia. Kazi ya ujumbe si ngumu kama watu wanavyodhani. Unapita kwenye nyumba zako, unaangalia vizuri, halafu unaandika kwamba hukuona kitu.

Sasa, kabla sijafika kwa Mwalimu Sikudhani na watoto wake, lazima nikueleze kuhusu king'ora, la sivyo utaniona natwanga maji kwenye kinu. Katika nchi nyingine, nasikia, saa sita mchana huamuliwa na jua. Sisi tulishatoka huko. Kwetu saa sita inaingia pale Mtukufu Baba Mlezi anapomaliza chai yake ya asubuhi na kuweka kikombe mezani. Kikombe kikigusa meza, king'ora kinalia nchi nzima, na kila mtu anarekebisha saa yake. Kabla ya hapo ni asubuhi. Na asubuhi huwezi kula chakula cha mchana, maana mtu anayekula chakula cha mchana asubuhi ni mlafi, na ulafi una kifungu chake.

Mtukufu alipoingia madarakani alikuwa kijana wa kuamka na majogoo, na king'ora kililia jua likiwa utosini kabisa. Siku hizi umri umekwenda, Mungu amweke, na usingizi wa mzee ni mtamu. King'ora kinalia watu tumeshasinzia kwa njaa. Lakini hakuna anayesema kwamba Mtukufu amechelewa. Redio ilishatufafanulia kwamba jua ndilo lenye haraka, tena haraka ya kimbelembele isiyoendana na mipango ya taifa. Tumbo langu tu ndilo halijaelimika. Linanguruma kila siku kabla ya wakati, na nimelionya mara nyingi kwamba tumbo si chombo halali cha kupimia muda.

Kitu cha pili ni Sheria ya Ukweli kwa Rika. Wataalamu wetu, baada ya semina ndefu yenye posho nzuri, waligundua kwamba elimu ni kama dawa: inatolewa kwa umri, na ukizidisha unadhuru. Mtoto wa Rika la Kwanza anaruhusiwa kujua kwamba jua lipo. Akifika Rika la Pili anaambiwa kwamba jua lina joto, hata kama limeshamuunguza siku nyingi. Wa Rika la Tatu anaelezwa kwamba dunia inazunguka, na anatia sahihi kwamba hatamwambia mdogo wake. Watu wazima nao tuna mipaka yetu. Mimi, kwa cheo changu, naruhusiwa kujua kama mvua imenyesha. Kama itanyesha, hilo ni la Mkuu wa Wilaya.

Shule ya mtaa wetu ni nzuri kupita kiasi. Imepakwa rangi, ina madawati, ina hata vyoo, na mlangoni imefungwa utepe mwekundu unaomsubiri mgeni rasmi aje aukate. Mgeni rasmi bado anajiandaa. Utepe usipokatwa shule haijazinduliwa, na shule ambayo haijazinduliwa haina ruhusa ya kuingiza mtoto. Popo peke yao ndio walioingia bila kibali, na taratibu za kuwachukulia hatua zinaendelea.

Mwalimu Sikudhani ndiye aliyepangiwa kufundisha sayansi pale. Alisubiri utepe ukatwe mpaka akachoka. Mwisho akawakusanya watoto wake watatu uani kwake akaanza kuwafundisha mwenyewe. Mkubwa ni Siwatu, binti wa miaka kumi na mitano. Wa kati ni Hamadi, miaka kumi na mmoja. Kitinda mimba ni Kidawa, miaka saba na meno mawili pungufu. Baba yao alikwenda makao makuu kufuatilia faili lake lililopotea, na huko huko akaajiriwa kulitafuta.

Nilipopiga hodi siku ya kwanza ya kuwakagua, niliwakuta wote wanne wamechuchumaa wanatazama mchi. Mchi wa kutwangia, huo huo wa kisamvu. Wameusimika ardhini katikati ya ua, na kokoto zimepangwa chini kufuata ncha ya kivuli chake, kuanzia upande wa banda la kuku kuja upande wa jikoni.

"Shikamoo babu," wakasema watoto.

"Marahaba. Mwalimu, unawafundisha wote watatu kwa pamoja?"

"Wote, Mjumbe. Nina ua mmoja na mchi mmoja, na mimi mwenyewe ni mmoja."

"Na marika yao?"

"Jua nalo ni moja," akasema. Halafu akamgeukia kitinda mimba. "Haya, Kidawa. Unaona nini?"

Nikataka kumsahihisha. Kwetu Mbeleni mkubwa ndiye husema kwanza, na wengine wanaunga mkono kwa kushuka ngazi mpaka chini, na anayefika chini kabisa anapiga makofi. Lakini Kidawa alikuwa ameshaanza.

"Naona kivuli kimekuwa kifupi kuliko tulipoamka. Tena kimeliacha banda la kuku."

"Kwa nini kisikae palepale?" Hamadi akauliza. "Mchi si haujasogea?"

Siwatu akainuka. Alichukua futi ya fundi cherehani, akapima kutoka shina la mchi mpaka ncha ya kivuli, akaweka kokoto nyingine. Halafu wote watatu wakaanza kubishana, mdogo akimkatiza mkubwa bila adabu yoyote, na mama yao ametulia tuli anachambua mchele.

"Mwalimu," nikamwambia pembeni, "huyu mdogo mbona ndiye anayefungua kikao?"

"Siwatu akianza, hawa wawili watamwitikia tu. Nitakuwa na mwanafunzi mmoja na kwaya. Kidawa akisema anachokiona, Hamadi anapata cha kuuliza, na Siwatu anapata cha kupima."

"Na wewe kazi yako nini?"

"Kunyamaza, Mjumbe. Ndiyo sehemu ngumu."

Wakati huo tumbo langu likanguruma, likasikika na kuku. Kidawa akanitazama kwa heshima. "Babu, tumbo lako liko sawasawa na mchi," akasema, akanionyesha kokoto moja nyeupe. "Hapa ndipo kivuli kinapokuwa kifupi kabisa. Halafu kinageuka, kinaanza kurefuka kwenda jikoni."

"Na king'ora kinalia wapi?" nikauliza, sijui nilipatwa na nini.

Akatembea mpaka karibu na mlango wa jikoni, akaweka kidole cha mguu juu ya kokoto nyingine, mbali kabisa na ile nyeupe. Mimi nikawatazama kuku. Walikuwa kuku wazuri sana, na niliendelea kuwatazama mpaka nikaaga.

Jioni niliandika taarifa. Niliandika kwa nia njema kabisa: kwamba katika nyumba ya nne watoto wanasoma sayansi kwa furaha, wote pamoja, na mama yao ni mfano wa kuigwa. Nilitaka wasifiwe. Kumbe wizarani, mahali palipoandikwa "wote pamoja" ndipo palipowashtua.

Haikupita muda gari la matangazo likaingia mtaani. Lilitangaza kwamba Mheshimiwa Dakta Mkangala, Kamishna wa Ukweli kwa Rika, atafika Jumamosi kukagua tukio la uvujaji wa elimu kutoka kwa mtoto mkubwa kwenda kwa mtoto mdogo. Wananchi wote wanaombwa kujitokeza kwa hiari. Asiyejitokeza kwa hiari ataletwa.

Sheria kuhusu uvujaji iko wazi. Akipatikana mtoto mmoja tu anayejua jambo la rika lililo juu yake, ndugu hutenganishwa na kila mmoja hupelekwa bweni la rika lake. Bweni la Kwanza liko mpakani kaskazini, la Pili liko kusini ya mbali, na la Tatu liko kisiwani. Likizo zao hazigongani, kwa makusudi, ili ndugu wasije wakakutana nyumbani wakaambiana.

Mwalimu Sikudhani alikuja kwangu baada ya gari kupita. Alikaa kwenye kibao, khanga kaikunja na kuikunjua mapajani. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Mjumbe, Kidawa mpaka leo analala ameshika sikio la dada yake. Asipolipata halali, analia mpaka anatapika. Sasa huko mpakani atashika sikio la nani?"

Moyo uliniuma, nasema wazi. Nilitaka kumwambia kwamba serikali ina masikio mengi, lakini ulimi ulinisaliti ukanyamaza. Badala yake nikampa ushauri wa kitaalamu. "Una siku chache. Wafundishe kutojua."

Alijaribu, maskini. Nilikuwepo. Aliwapanga uani, mchi ameufunika gunia.

"Kidawa, jua likitoka huku linakwenda wapi?"

"Sijui, mama."

"Vizuri."

"Lakini mama, si tuliliona?"

"Tuliliona. Ila wakikuuliza hujui."

"Nikiwa sijui, atakuwa ameliona nani, mimi au mtu mwingine?"

Hamadi naye akataka kujua kama kutojua kunaanza siku ile ile ya Jumamosi au kunaanza Ijumaa jioni. Siwatu akainuka akaenda kulia nyuma ya banda la kuku, maana yeye ndiye aliyekuwa na umri wa kuelewa. Mwalimu akalitoa lile gunia.

"Siwezi, Mjumbe," akaniambia. "Kuwafundisha waseme wanachokiona kumenichukua muda mrefu. Kuwafundisha waseme wasichokiona, wizara imetumia kizazi kizima, tena yenyewe ina bajeti."

Jumamosi ikafika. Tangu alfajiri vijana wa wilayani walikuwa uani kwa Mwalimu wanafunga turubai. Meza kuu iliwekwa ukingo wa magharibi, kwa sababu asubuhi kivuli cha turubai huangukia huko, na wakubwa hawakai juani. Ikatandikwa kitambaa cha satini, maua ya plastiki, maji ya chupa. Watoto walitandikiwa mkeka ukingo wa mashariki, kwenye jua kali, maana wao ndio watuhumiwa. Katikati ya watoto zikatundikwa khanga mbili kwenye kamba ya nguo ili ukweli wa rika moja usipenye kwenda kwa jingine. Kidawa alizibwa masikio kwa pamba kwa usalama zaidi.

Hapa nifafanue jambo moja la itifaki. Meza kuu ikishapangwa asubuhi, haisogezwi mpaka king'ora kilie. Kuisogeza ni kukiri kwamba kuna kitu kingine kilichosogea.

Kamishna alishuka garini akiwa amevaa suti nzito ya sufi, ile ya kwenda Ulaya. Ni mtu mnene, mpole wa sura, kipara kinang'aa. Naibu wake alikuja nyuma yake kwa umbali wa heshima, mwembamba, kichwa kinakubali hata kabla hakijaulizwa. Mshereheshaji akashika kipaza sauti akataja majina ya wote walioketi meza kuu, halafu vyeo vyao, halafu walioshindwa kufika na vyeo vyao, na mwisho akasema itifaki imezingatiwa. Ndipo Kamishna akaanza hotuba.

"Ndugu wananchi," akasema, "ukweli ni tunda. Tunda likichumwa kabla ya wakati, huwa chungu. Sasa iweje mtoto wa miaka saba apewe ukweli wa miaka kumi na mitano? Atauweka wapi? Hana mifuko. Wenzetu nchi za nje walikimbilia kuwaeleza watoto kila kitu, na leo hii watoto wao wanawauliza maswali wazazi mezani, tena wakati wa kula. Je, tunataka kufika huko?"

"Hapana," tukasema.

"Sikusikia."

"Hapana."

Akaendelea. Alizungumzia asili ya rika, umuhimu wa rika, changamoto za rika, na mwelekeo wa rika katika miaka hamsini ijayo. Alizungumza vizuri na kwa muda mrefu mno. Wakati yeye anazungumza, jua, ambalo halikuwa limealikwa, lilipanda, likafika utosini, likaanza kushuka upande wa pili. Kivuli cha turubai nacho kikaondoka meza kuu polepole, kikapita kwenye viti vya wageni, kikaenda kulala juu ya mkeka wa watoto.

Kila mtu aliona. Meza kuu yote ilikuwa juani, jasho linadondokea satini, maua ya plastiki yameanza kulegea. Watoto watatu wamekaa kwenye kivuli kizuri chenye upepo. Lakini ilikuwa bado asubuhi, king'ora hakijalia, na asubuhi kivuli kiko magharibi. Kwa hiyo meza kuu ilikuwa kivulini, kwa mujibu wa sheria, na waliokuwa wakiungua walikuwa wakiungua kinyume cha taratibu.

Kamishna alimaliza hotuba kwa shida. Akajifuta kipara, akafungua ukaguzi kwa Kidawa. Akaagiza pamba itolewe.

"Wewe mtoto wa Rika la Kwanza. Jua lipo?"

"Lipo, babu."

"Vema. Na unajua nini kingine kuhusu jua?"

Huo ndio ulikuwa mtego. Mwalimu Sikudhani alifumba macho. Nilimwona midomo inacheza, sijui dua, sijui jibu alilotamani mwanawe asilitoe. Kidawa alimtazama Kamishna vizuri, kama alivyofundishwa kutazama kitu kabla ya kukisema.

"Linakuchoma, babu," akasema. "Njoo ukae huku kwenye kivuli. Tutasogea."

Naibu akasimama.

"Mheshimiwa, mtoto amekiri kwamba jua linachoma. Hilo ni la Rika la Pili. Tena amedai kivuli kiko mashariki, jambo ambalo asubuhi hii haliwezekani kwa rika lolote. Napendekeza mabweni."

"Subiri," akasema Kamishna, jasho limemwingia machoni. "Hebu niambie, Naibu. Mimi naungua?"

"Mheshimiwa anaonaje?"

"Nakuuliza wewe unaona nini."

"Mimi naona anavyoona Mheshimiwa."

"Na mimi naona nini?"

"Bado hujasema, Mheshimiwa."

Kamishna akamgeukia mshereheshaji, mshereheshaji akainamisha macho. Akanigeukia mimi. Nikawatafuta kuku, nao wajanja walikuwa wameshaingia chini ya mkokoteni. Watu mia na ushee walikuwa pale, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mdogo kiasi cha kumwambia mtu mzima kwamba anaungua. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma mkubwa. Uso ulikuwa mwekundu, pumzi zinapanda, na suti ile ya Ulaya ilikuwa inampika.

Nyuma ya khanga, Hamadi akauliza swali lake, kwa sababu ndiyo zamu yake kuuliza. "Kwa nini wamekaa juani na kivuli kipo?"

Kamishna akainuka akishikilia meza, akavuta kipaza sauti.

"Ndugu wananchi. Serikali yenu ni sikivu. Haipendi kukaa juu, mbali na watu. Kwa hiyo nimeamua, mimi mwenyewe, bila kushauriwa na mtu wala na kitu chochote, kushuka chini kwa wananchi."

Akauvuka uwanja, akajitupa kwenye mkeka. Tukapiga makofi mpaka mikono ikauma. Naibu akashuka naye kwa wananchi, na meza kuu yote ikashuka kwa wananchi kwa mbio kidogo, na mkeka ukajaa. Kidawa akasogea kama alivyoahidi. Siwatu akampa Kamishna kata ya maji ya mtungi, akanywa yote, akaomba nyingine. Rangi ikaanza kumrudi.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu, kwa hiyo niliyasikia yaliyofuata. Kamishna aliutazama ule mchi uliosahaulika pale nyuma na kokoto zake, akainama, akasema taratibu, "Saa sita imepita kitambo?"

Siwatu akamtazama mama yake. Mama yake akamtazama Kidawa.

"Kokoto nyeupe ile," akasema Kidawa. "Tuliipita ulipokuwa bado unahutubia."

"Kwa nini unauliza kwa kunong'ona?" akasema Hamadi.

Siwatu akainyoosha futi chini, kutoka kwenye kokoto nyeupe mpaka ncha ya kivuli, akabana kwa kidole gumba na kuileta kwa Kamishna. Mzee yule akaishika, akaitazama. Halafu akaikunja vizuri na kumrudishia.

Nilijua, na Mwalimu Sikudhani alijua, kwamba sasa anao ushahidi wa kuwapeleka watoto hata mabweni ambayo bado hayajajengwa. Mwalimu alisogea akapiga magoti kando ya mkeka. Hakubembeleza. Alisema tu, "Mheshimiwa, walisema walichokiona. Kama kuna kosa ni langu, nipelekeni bweni mimi." Halafu akamshika Kidawa mguu.

Kamishna alifikiri. Naye alikuwa na taabu zake. Akiandika kwamba mtoto anajua kivuli kimehama, ataulizwa yeye alikuwa amekaa wapi.

King'ora kikalia. Tukasimama kwa heshima, tukatakiana mchana mwema, tukarudisha saa zetu nyuma. Wali ukaanza kunukia. Kamishna akapewa kipaza sauti pale pale mkekani.

"Tume imekamilisha kazi," akasema. "Kitaalamu, elimu huvuja kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Tume imechunguza kwa karibu sana, mtakuwa mmeona, na imebaini kwamba hapa hakuna mkubwa wala mdogo. Watoto hawa ni rika moja. Kwa mamlaka niliyokabidhiwa, kuanzia mchana huu wote watatu wana miaka kumi na mmoja."

Vigelegele vikapigwa. Mwalimu alicheka na kulia kwa pamoja. Hamadi peke yake ndiye aliyelalamika, kwa sababu kila mtu alipewa umri mpya isipokuwa yeye. Siwatu alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu afanye mtihani wa Rika la Tatu, ambao ndio mlango pekee wa kwenda chuo, na sasa amerudishwa mbali nao. Alianza kuihesabu miaka yake kwa vidole, akaishia njiani. Halafu Kidawa akamshika sikio, akaegemea bega lake, na Siwatu akasema afadhali. Nilimsikia akisema, na sikuamini kama ni afadhali kweli, lakini alikuwa ameshasema.

Kamishna hakuondoka bila kuacha mfumo. Ili hali ya rika moja idumu, aliagiza pawe na Mwangalizi Mkazi atakayekaa na watoto kila somo. Kwa kuwa sifa zangu zilikuwa wizarani tayari, nikateuliwa mimi. Na kwa kuwa pale uani hayaruhusiwi marika mawili, nami nikashushwa kutoka miaka sitini na minne mpaka kumi na mmoja. Niliporudi nyumbani kumweleza mke wangu kwamba kuanzia leo mimi ni mtoto, alisema yeye alishalijua hilo siku nyingi.

Kuna usumbufu kidogo wa kisheria. Watu wa rika moja hawaamkiani shikamoo. Kwa hiyo Jumatatu nilipoingia uani, na Naibu yuko barabarani ndani ya gari anatuchungulia, Kidawa alisema kwa sauti kubwa, "Mambo, Kondo." Nikajibu, "Poa." Halafu alipokuja kunishika mkono kunikaribisha, akanong'ona, "Shikamoo babu." Sikulitegemea hilo.

Gari la Naibu likaondoka. Tukakaa kuuzunguka mchi. Mwalimu alichukua ungo wake akaanza kunyamaza. Mimi nikamsubiri Kidawa aseme.

"Zamu yako," akaniambia.

"Zamu yangu vipi? Wewe si ndiye mdogo?"

"Sasa wote tuna kumi na mmoja. Wewe ndiye uliyekuja mwisho, kwa hiyo wewe ndiye mdogo. Mdogo aseme kwanza."

Nikamtazama Mwalimu aniokoe. Alikuwa ameinamia mchele, anatoa kijiwe. Siwatu alikuwa na futi mkononi. Hamadi amekaa tayari kuuliza. Nilivua kofia yangu ya ujumbe, nikaiweka chini. Nilitafuta kuku, lakini walikuwa wamefungiwa bandani. Hapakuwa na kitu kingine cha kutazama isipokuwa kile kilichokuwa mbele yangu.

"Unaona nini, babu?" akasema Kidawa.

"Naona," nikasema, nikainama karibu na kokoto. "Naona kivuli kimeshaipita kokoto nyeupe. Kinakwenda jikoni. Saa sita imepita."

Tumbo likanguruma, na safari hii sikulikemea.

"Sasa kwa nini king'ora hakijalia?" akauliza Hamadi.

Mwalimu Sikudhani aliacha kuchambua. Mtaa mzima ulikuwa kimya, watu wamekaa vibarazani mwao na njaa zao, wanasubiri.

"Kwa sababu mzee bado amelala," nikasema.

Siwatu akainuka na futi kwenda kupima amelala kiasi gani.